Lori Lililobaki Tukuyu

Wenzangu wa cherehani, mlituona tukiondoka Kisauni ndani ya lori letu wenyewe, mkatuona tena tukirudi kwa miguu na mkeka mmoja. Mna haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kujijibu wenyewe kisimani ni jambo jingine. Nimesikia kwamba tuliporwa njiani. Nimesikia kwamba mume wangu alilewa akalitia lori korongoni. Nimesikia na lile la jini, kwamba dhahabu ya Ambakisye ilikuwa ya jini tangu awali, na mwenyewe amekuja kuchukua chake. Nimenyamaza kiasi cha kila mtu kumaliza lake. Sasa nasema mimi niliyekuwamo.

Habari za vibali na foleni za petroli naziacha. Hazina ladha.

Kisauni hadi Changamwe

Mume wangu mnamwita Mnyasa, ingawa ana jina, Ambakisye. Alipofika hapa alinunua shamba la minazi upande wa Junda, akajenga nyumba ya mawe, kisha akanunua lori. Alipoulizwa mali ameipata wapi alisema kwenye machimbo ya Lupa, huko Tanganyika. Hakuna aliyemwamini. Wenye majumba ya tangu zamani walisema mtu mweusi wa bara hapati dhahabu ila amemuua mzungu wake. Watu wetu wa misheni wakasema ni mumiani, anauza damu. Mimi nikaolewa naye. Mlisema nilikuwa nimepita umri wa kuchaguliwa, basi nikachagua mwenyewe.

Mambo yalianzia Changamwe. Alikuwa amekwenda kupakia magunia stesheni, akakutana na askari wa kwao aliyeshushwa Kilindini kutoka vitani, anangojea gari moshi. Wakasalimiana kwa lugha yao. Askari akamwambia, "Baba yako mzima. Na binti yako amekuwa mkubwa, wanamwoza mpunga ukishavunwa."

Ambakisye akamuuliza, "Binti yupi?"

Jioni ile alirudi akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Aliniambia mambo ambayo hakuwa amewahi kunieleza. Alipotoka kwao akiwa kijana, kwenda kutafuta pesa ya kodi, aliacha mke. Akiwa machimboni, msafiri mmoja alimletea habari kwamba mke amefariki akijifungua, yeye na kilichokuwa tumboni. Ndiyo maana alipopata dhahabu hakuwa na wa kumpelekea, akashika njia ya pwani. Kumbe aliyekufa ni mama. Mtoto alipona.

Shangazi yangu Keziya, aliyenilea, ndiye peke yake tuliyemwambia. Alikuja asubuhi na kanga yake ya kanisani.

"Mwache aende mwenyewe," akasema. "Wewe hukuzaa. Sasa unakwenda kumchukua mtoto wa mwanamke mwenzio akutawale nyumbani mwako?"

"Mwanamke mwenzangu yuko kaburini, shangazi."

"Na mume akishafika kwao hatarudi. Wanyasa hawarudi."

"Ndiyo maana nakwenda naye."

Tulivuka daraja la kuelea la Nyali, tukapita kisiwani, tukatokea Makupa. Nyote mliokuwa njiani mlinipungia mikono, na mimi niliwapungia. Nilikuwa nimevaa bangili zangu zote mbili za dhahabu. Nilijua mnaziangalia.

Changamwe hadi Moshi

Ambakisye aliendesha mwenyewe. Vumbi la Mariakani hadi Voi lilikuwa jekundu, likaingia hata ndani ya mkate. Maungu tulikula mayai ya kuchemsha na muwa. Taveta tuliuziwa ndizi za kuchoma, tukadhani tumekwenda vizuri.

Mpakani, kabla ya Moshi, tulisimamishwa na mzungu kijana mwenye kaptura, na askari wake wawili.

"Lori la nani hili?"

"Langu," akajibu Ambakisye.

"Nimeuliza bwana wako ni nani."

"Ni langu, bwana."

Yule mzungu akanigeukia mimi, kana kwamba mwanamke ndiye atakayesema kweli kwa woga. "Mama, bwana wa huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye mke wake, kwa hiyo bwana ni yeye. Kama wauliza bwana wake yeye, yuko mbinguni, na mpaka huu haumhusu."

Askari mmoja alikohoa ili asicheke. Tukawekwa kando ya barabara mchana kutwa, juani, huku lori likipekuliwa hadi chini ya viti. Ambakisye alinung'unika kwamba ulimi wangu umetuchelewesha. Nilimwambia ulimi wake umetuchelewesha vile vile, maana alijibu kwa adabu na hakuaminiwa. Askari aliyekohoa alituletea maji kwenye kibuyu. Jua lilipopoa wakatuachia. Hawakusema kwa nini walitushika wala kwa nini wanatuachia.

Moshi hadi Iringa

Arusha hadi Dodoma ni nchi kavu, mtu hukutana na twiga wengi kuliko binadamu. Dodoma watu walicheka Kiswahili changu. Nilimwomba mama mmoja wa hotelini, "Tafadhali nitilie mchuzi kidogo," akamwita mwenzake aje anisikilize nikirudia. Akasema nazungumza kama kitabu. Nilimwambia kwetu hata mbuzi huzungumza hivi. Akanitilia mchuzi mwingi.

Kupanda milima ya Iringa ndiko kulikotuvunja. Kipande kimoja cha chini ya lori kilikatika, mvua ikiwa imeanza. Fundi aliyepatikana alisema kipuri kitatoka Dodoma, na Dodoma wakasema kitatoka Dar es Salaam. Ambakisye alishinda barabarani akitazama upande kitakakotoka, kama mtu anayengojea maiti. Mpunga wa kwao ulikuwa unaiva huku sisi tumekaa.

Tulikaribishwa na bibi mmoja Mhehe, mjane, aliyekuwa na nyumba ya udongo kando ya shamba la mianzi. Alitupa ugali, maharage na joto la moto wake. Mimi sikuwahi kujua baridi ya namna ile. Akaniletea maji meupe matamu kwenye kikombe cha bati, yametoka ndani ya mianzi yenyewe. Nilidhani ni kama madafu. Nikanywa kikombe, nikaongezwa, nikanywa tena. Yule bibi akafurahi sana kupata mgeni anayependa cha nyumbani kwake.

Basi, ni pombe. Inaitwa ulanzi. Mimi, mke wa nyumba ya kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, niliwaimbia majirani wote wa yule bibi nyimbo za Krismasi katikati ya masika. Ambakisye ndiye aliyenibeba kitandani, na tangu tutoke Changamwe ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Nawaandikia mwenyewe msije mkalisikia kwa mwingine. Sikutubu, maana sikujua. Na ulikuwa mtamu.

Kipuri kilikuja juu ya lori la chumvi, bila karatasi wala maelezo, kama vile kilichoka kukaa kilikokuwa.

Iringa hadi Chunya

Mbeya hapakuwa na petroli. Mwenye duka akatuambia iliyobaki iko Chunya, kwenye machimbo yale ya Lupa. Ilibidi tupande kaskazini wakati tulitaka kushuka kusini. Ambakisye alipiga usukani kwa kiganja. Mimi moyoni sikukasirika. Nilikuwa nimeishi na maneno yenu muda mrefu, wenzangu, na nilitaka kuliona hilo shimo kwa macho yangu.

Chunya ni vijumba vya mabati, makorongo mekundu, na watu wenye matope hadi mapajani wakizungusha makarai ya maji. Hatukuwa hata tumezima lori, mtu akaita, "Amba!" Alikuwa mwanamume mwembamba, kofia haina ukingo, anamsukuma punda mwenye madebe ya maji.

Huyo ndiye Kalinga, aliyechimba na mume wangu bega kwa bega. Huyu anauza maji kwa punda, na wetu ana nyumba ya mawe. Nikajisemea, hapa ndipo nitasikia aliyedhulumiwa.

Nilimwomba anipeleke shimoni. Ambakisye akabaki kutafuta petroli. Tulitembea kando ya kijito hadi kwenye kona yenye mwamba. Palikuwa na shimo limejaa maji ya mvua na vyura.

"Ndilo hili, shemeji."

"Hili tu?"

"Ulitaka liwe na mlango?"

Akaniambia yote, ameketi juu ya mwamba. Kijito kilikuwa cha Mgiriki, naye alikuwa amekata tamaa nacho. Akawaambia wakitaka wachimbe, wanachopata nusu yake na nusu yao. Walichimba misimu, wakala mihogo na panya. Watu waliwacheka. Halafu Ambakisye aliona kwamba maji ya mafuriko yanapogonga mwamba huu huzunguka kwanza kabla ya kwenda zake, akasema kizito lazima kitulie hapa. Wakautoboa mwamba kwa chini, wakiwa wamelala kwa ubavu, mmoja akichimba na mwingine akishika miguu yake. Ndipo wakakuta tundu, na tunduni punje za dhahabu kama mbegu za boga, zimelala kwenye changarawe.

Nikamuuliza nililokuja kuuliza. "Kuna mzungu yeyote mliyemuua?"

Kalinga akasema, "Tulimuua chatu, alikuwa amelala humo. Na tukamla. Mgiriki alichukua nusu yake akaenda kwao kuoa. Nani amekwambia tuliua?"

"Watu wa kwetu."

"Waambie waje wachimbe."

"Na sehemu yako, shemeji, iko wapi?"

"Niliila," akasema. Hakuona haya hata kidogo. "Nilinunua santuri. Nilinunua suti nyeupe, nikalala kwenye kitanda cha chuma. Nilikodi gari linitoe kilabu hiki linipeleke kile, na ni hatua chache tu kati yake, ili wale walionicheka wanione nikipita. Utajiri ulidumu mwaka. Ulikuwa mwaka mzuri, shemeji. Wengi hufa hawajaupata hata mmoja."

Tuliporudi, Ambakisye alimsogezea noti mkononi. Kalinga akazirudisha mfukoni mwa mwenyewe. "Ukinipa utataka nikushukuru, na mimi sina nafasi, punda ana kiu," akasema, akaenda zake. Ambakisye hakumwita. Aliniambia baadaye kwamba Kalinga ndiye aliyeshika miguu.

Chunya hadi ziwani

Tukuyu ni kijani hadi macho yanauma. Mvua hainyeshi, inakaa. Barabara ya kushuka kwao ziwani ilikuwa tope tupu, tukaliacha lori kwa Mhindi mmoja mnunuzi wa mpunga, tukashuka kwa miguu, migomba kulia na kushoto, na ng'ombe wanono wanaotembea kama wenye mji. Watu wa huko hujenga nyumba kwa mianzi, safi, zimefagiliwa kuliko kanisa letu. Wakikutana na mgeni husema "ugonile", na jibu ni "ndaga". Nilifanya mazoezi njia nzima.

Mpunga ulikuwa umekatwa. Tuliona mashamba yamebaki mabua, na Ambakisye akaanza kukimbia, mtu mzima na koti lake.

Hatukuwa tumechelewa. Harusi ilikuwa imesogezwa kwa sababu ya msiba wa jirani. Wifi yangu alipomwona kaka yake aliangusha ungo akakaa chini juu ya mchele. Wao walimlilia zamani kama marehemu. Hapo mzee mmoja mrefu akatoka ndani, mweupe wa nywele, anatetemeka. Nikajua ni mkwe wangu. Mimi nimelelewa vizuri. Nikaenda mbio, nikapiga goti, nikaushika mkono wake na kusema, "Shikamoo, baba."

Mzee akajifunika nguo usoni akakimbia. Akapita katikati ya migomba kama aliyemwona simba. Wanawake wakanidaka mabega wakanivuta nyuma ya nyumba, mmoja ananiziba macho, na watoto wakalia.

Kwao mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye nyumba moja, hata njia wakikutana humpisha porini, maisha yao yote. Mimi nilikuwa nimemshika mkono.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza Ambakisye.

"Nilisahau. Kwenu hakuna."

Tumetoka pwani hadi ziwani, usiku na mchana tuko bega kwa bega ndani ya lori, na akasahau. Ilibidi achinjwe fahali kusafisha jambo lile. Nilimkasirikia Ambakisye hadi nyama ikaiva, na nyama yenyewe nilikula.

Msichana niliyemkuta nyuma ya nyumba, akinitazama bila kucheka wala kulia, ndiye Tupokigwe. Alikuwa na kipaji cha uso cha baba yake. Alijua Kiswahili, alikiokota gatini akiwauzia ndizi wasafiri wa meli.

"Ulimshika babu mkono," akasema. "Na hujafa."

Nyuma ya ukuta

Siku ya maneno ilipofika, wanaume walikaa ndani. Mimi sikuruhusiwa kuingia kwa sababu ya mkwe, basi nikaweka kigoda nje, mgongo kwenye ukuta wa mianzi. Mianzi ina nyufa, na masikio yangu ni mazima. Tupokigwe akakaa kando yangu akinitafsiria. Fikirini, wenzangu, mtoto anamtafsiria mgeni bei yake mwenyewe, neno kwa neno, bila kupunguza.

Mchumba aliitwa Mzee Mwaipopo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa mzee mpole, mwenye wake na mifugo, na sauti ya chini. Alisema, "Mwaka wa njaa, nyumba hii haikuwa na kitu. Nilileta ng'ombe wangu. Walikamuliwa, watoto wakanywa. Wengine waliuzwa, wengine kaka yako aliwatoa mahari akaoa mke. Sikumlazimisha mtu. Sasa ametokea mwenye dhahabu. Wakati ule dhahabu yako ilikuwa wapi?"

Ambakisye akasema, "Niliambiwa wamekufa wote wawili."

"Na hukuja kuliona kaburi."

Hata hilo Tupokigwe alinitafsiria.

Mwaipopo akaendelea. Akitakiwa kumwacha binti ataridhika, lakini arudishiwe ng'ombe wake pamoja na ndama wote waliozaliwa tangu siku ile, kama ilivyo desturi. Kaka yake Ambakisye akaruka. Akasema ng'ombe hao hawapo, na yeye hatamrudisha mke wake kwao ili apate ng'ombe wa kulipa, na kama ndugu yao ana mali basi abaki hapa, ajenge, awe mkubwa wa ukoo, na harusi iendelee. Wazee wakaitikia. Mkwe wangu naye akasema, "Mwanangu, nilishakulilia. Usiondoke tena."

Nikasikia Ambakisye anavuta pumzi. Namjua. Alikuwa karibu kukubali, kwa huruma tu.

Nilimgeukia msichana. "Na wewe, wataka nini?"

"Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo sijafikiri."

"Fikiri sasa."

Akachuna jani la mgomba akalichana vipande vyembamba hadi likaisha. "Nilishawahi kukimbia, nikarudishwa, nikachapwa," akasema. "Nataka kwenda. Lakini huyu baba simpendi."

"Si lazima umpende. Inatosha usafiri naye."

Nikagonga ukuta. Nikasema kwa sauti ya kanisani, "Ambakisye, uza lori."

Ndani wakashtuka. Ukuta ulikuwa umesema.

"Ukiuza lori tutarudi vipi?" akauliza mume wangu.

"Kama tulivyokuja duniani."

Mzee mmoja akasema si desturi mwanamke kuingilia shauri. Nikajibu kwamba sijaingia, niko nje, kama desturi inavyotaka. Tupokigwe alilitafsiri hilo kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nikavua bangili zangu, nikazipenyeza kwenye ufa wa mianzi, moja baada ya nyingine, nikasikia zikianguka sakafuni upande wa pili. Dhahabu ile ilitoka chini ya mwamba wa vyura, nimeliona tundu lake. Mnaouliza mikono yangu mbona mitupu, ndiyo habari yake.

Ambakisye akapanda Tukuyu. Yule Mhindi wa mpunga akalichukua lori. Mume wangu akashuka na ng'ombe, akiwaswaga mwenyewe kwenye tope. Mwaipopo alimkagua kila mmoja meno na kwato, hakuharakishwa. Alipomaliza alimwita Tupokigwe.

"Kwangu ungekula vizuri," akamwambia.

"Najua, babu."

Akamwekea mkono kichwani akamwombea. Sijui mnataka nimwiteje mtu huyo. Mimi sikupata jina la kumwita.

Kaka mtu hakutuaga hadi leo. Mkwe wangu alitusindikiza hadi mwisho wa migomba, akitembea nyuma sana, ameugeuza uso wake pembeni ili nisimwone. Nilisema kwa sauti, nikitazama mbele, "Kwaheri, baba." Hakujibu, si desturi. Lakini Ambakisye alisema alisimama pale hadi tulipopotea.

Kurudi

Kwenda tulikaa kiti cha mbele. Kurudi tulikaa juu ya magunia, kwenye malori ya watu. Mbeya hadi Iringa tulinyeshewa, Iringa hadi Dodoma tukaunguzwa. Tupokigwe alitapika katika kila mji, na baina ya miji aliitazama nchi bila kupepesa macho. Chakula kilikuwa mihogo na chai ya rangi. Yule bibi wa Iringa alitulaza tena, akaniletea kikombe. Nilikunywa kimoja.

Ambakisye kila aliposema na binti yake, alijibiwa kupitia kwangu. "Mwambie sina njaa." "Mwambie nimesikia." Alivumilia. Moshi tukapata gari moshi la daraja la tatu, na Voi tukasubiri jingine asubuhi nzima sakafuni pa stesheni. Baba mtu akalala kwa kuegemea mkeka wetu. Alipoamka, Tupokigwe alikuwa amemkazia macho.

"Unakoroma," akamwambia.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa baba yake tangu tutoke kwao. Ambakisye alijibu kwamba babu yake naye hukoroma. "Najua," akasema. Wakaendelea hapo, habari za babu, za mto, za mbwa aliyekufa zamani, hadi gari likaingia. Mimi niliwapa mgongo nikajifanya nasinzia.

Tukashuka Changamwe. Nauli ya kutufikisha Kisauni haikuwapo, tukatembea. Hapo ndipo mlipotuona.

Sasa mume wangu anavunja mawe Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, anarudi mweupe kama mtu wa kusaga unga. Nimesikia wanaomcheka. Amewahi kuchekwa na walio hodari kuliko nyinyi. Shamba la minazi lipo, nyumba ipo, na mimi nina cherehani yangu.

Jumapili iliyopita Shangazi Keziya alikuja. Alikaa kiti kizuri, akaitazama mikono yangu, akatazama mahali lilipokuwa likikaa lori. Tupokigwe alikuwa barazani akipepeta mchele.

"We msichana," shangazi akaita. "Lete maji."

Tupokigwe akaendelea kupepeta.

"Mtumishi wenu kiziwi?"

"Si mtumishi, shangazi," nikasema. "Ni mwanangu."

"Basi mwanao kiziwi?"

Msichana akageuka. Hakuwa na hasira. Alisema kwa Kiswahili chake cha gatini, "Nina jina, bibi. Nasubiri uliite."

Shangazi alinitazama mimi nimkemee. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, na tundu lilikuwa dogo. Ambakisye alikuwa mlangoni na vumbi lake. Tukakaa hivyo. Jirani alipita akasalimia, akajibiwa, akaenda. Hatimaye shangazi akasafisha koo. Lilimshinda mwanzoni, akalikata katikati, akarudi akaliunga.

"Tupokigwe, mwanangu. Naomba maji."

"Abee, bibi," akasema, akaweka ungo chini, akaenda kuyachota.